MSITU MMOJA, MATUMBO MBALIMBALI: Chakula cha Mbega, Kima na Komba wa Milima ya Uluguru

Kila mwaka ninaposahihisha majibu ya vijana waliotoka shule za sekondari karibuni, hukutana na sentensi hii au ndugu yake: mbega huishi juu ya miti, hujining'iniza kwa mkia na kuchuma matunda matamu. Sentensi hiyo ina makosa mawili. Mbega hajining'inizi kwa mkia. Wala matunda matamu si chakula anachokitafuta, bali ni chakula kinachoweza kumdhuru.

Kosa la kwanza si la mwanafunzi. Limetoka katika vitabu vilivyoandikwa mbali na hapa, ambavyo huonyesha picha za wanyama wa misitu ya mto Amazon, huko Amerika ya Kusini. Baadhi ya kima wa huko wana mikia yenye nguvu ya kushika tawi kama mkono wa tano. Katika Afrika nzima hakuna kima hata mmoja mzima mwenye mkia wa namna hiyo. Mkia wa mbega ni mrefu na mzuri, lakini kazi yake haifiki huko. Kosa la pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana mtu akishaelewa kwa nini mbega huyaepuka matunda yaliyoiva, huwa amepata ufunguo wa kuelewa jinsi wanyama wengi wanavyoweza kuishi katika msitu mmoja bila kupokonyana chakula. Msitu wa kuufungua kwa ufunguo huo tunao hapa Morogoro, juu ya vichwa vyetu.

Milima ya Uluguru huinuka ghafula kusini mwa mji. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana wazi siku isiyo na mawingu, kina mita 2,138. Na Kimhandu, kilicho upande wa kusini wa safu hiyo, kinapita mita 2,600. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda upande wa mashariki, hupoa, na kumwaga huko mvua inayozidi milimeta 2,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi hubaki kivulini mwa mvua hiyo. Milima hii ni pingili moja ya mlolongo wa milima ya kale uitwao Tao la Mashariki, unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru na Rubeho hadi Udzungwa. Misitu yake imetenganishwa na misitu mikubwa ya Kongo kwa mamilioni ya miaka, na katika muda huo mrefu viumbe wake wameshika njia zao wenyewe.

Kabla ya kuendelea, hapana budi tupatane juu ya majina, kwa sababu lugha yetu ina majina mengi ya wanyama hawa na watu huyachanganya. Kundi zima, pamoja na sokwe na binadamu, wanasayansi huliita primati. Nyani ni yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, atembeaye ardhini kwa makundi makubwa. Tumbili ni mdogo, mwenye uso mweusi na manyoya ya kijivu, naye hupenda kando ya mito, vichaka na mashamba. Kima, katika makala haya, ni yule wa msituni mwenye shingo nyeupe na mgongo wa rangi ya moshi, ambaye jina lake la kitaalamu ni Cercopithecus mitis. Mbega ni mweusi mwenye nywele ndefu nyeupe mabegani na mashavuni, yaani Colobus angolensis. Komba ni wale wa usiku, wenye macho makubwa na masikio mepesi. Jina la ngedere sitalitumia, kwa kuwa sehemu moja ya nchi humaanisha tumbili na sehemu nyingine humaanisha mnyama mwingine kabisa.

Ukubwa wa mwili na hesabu ya chakula

Tuanze na hesabu ndogo inayoweza kufanywa ubaoni. Chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta 1. Ujazo wake ni sentimeta 1 ya ujazo, na eneo la uso wake ni sentimeta 6 za mraba. Sasa chukua mchemraba wenye upande wa sentimeta 10. Ujazo wake ni 1,000, na uso wake ni 600. Mchemraba mdogo una uso wa 6 kwa kila kipande kimoja cha ujazo. Mkubwa una 0.6 tu. Mnyama mwenye damu ya moto hupoteza joto kupitia uso wa mwili, na hivyo mnyama mdogo hupoteza joto jingi kuliko mkubwa, tukilinganisha gramu kwa gramu.

Uso peke yake haumalizi maelezo. Mwaka 1932 Max Kleiber, mtaalamu mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi California, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba mahitaji ya nishati ya mnyama hukua kwa kufuata uzito wake uliopandishwa kwenye kipeo cha 0.75. Wanafunzi wenye majedwali ya logi wanaweza kujaribu. Katika misitu ya Uluguru yuko komba mdogo sana, ambaye uzito wake haufikii gramu 100; tuseme gramu 90. Yuko pia mbega dume wa kilo 9. Mbega huyo ni mzito mara 100 kuliko komba, lakini 100 kwa kipeo cha 0.75 ni 32 tu, kwa kukadiria. Mbega mmoja basi anahitaji nishati ya komba 32, si ya komba 100. Kwa upande wa pili, kila gramu ya mwili wa komba inadai nishati mara tatu ya gramu ya mwili wa mbega.

Hapo ndipo penye siri. Ukubwa wa tumbo hukua sambamba na uzito: mnyama mzito mara mia ana tumbo kubwa karibu mara mia. Lakini mahitaji yake hayakui kwa kasi hiyo. Mkubwa basi ana nafasi ya kutosha tumboni kuweka chakula hafifu, akakiacha humo kwa saa nyingi hadi kitoe nishati yake polepole. Mdogo hana nafasi wala muda huo. Analazimika kula kidogo kilicho bora, tena mara kwa mara. Mtaalamu wa Marekani, Richard Kay, alionyesha kwamba primati wanaotegemea wadudu kwa kawaida wana uzito usiofikia gramu 500, na wanaotegemea majani huupita uzito huo. Mdudu ni chakula bora, lakini mnyama wa kilo 9 hawezi kukamata wadudu wa kumtosha hata akiwinda mchana kutwa. Majani yapo tele, lakini komba wa gramu 90 angekufa kwa njaa tumbo likiwa limejaa majani.

Mbega, ng'ombe wa juu ya miti

Majani ni chakula kigumu. Kuta za seli zake zimejengwa kwa selulosi, na hakuna mamalia anayeweza kutengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Ng'ombe hufaulu kwa sababu amewakaribisha bakteria tumboni mwake wamfanyie kazi hiyo. Mbega amefika kwenye ufumbuzi uleule kwa njia yake mwenyewe. Tumbo lake limegawanyika katika vyumba. Chumba cha mbele ni kikubwa, hakina asidi kali, na humo bakteria huchachusha majani yaliyotafunwa. Mazao ya uchachushaji huo, ambayo ni asidi nyepesi za mafuta, hunyonywa na kuingia katika damu. Bakteria wenyewe, wakishapita kwenye chumba cha nyuma chenye asidi kali, humeng'enywa nao na kuwa protini. Mbega hacheui kama ng'ombe, bali hukaa. Ukimtazama kwa darubini katika miti ya Uluguru utachoka kabla yake, maana sehemu kubwa ya mchana huipitisha ameketi kwenye tawi, tumbo limetuna, kana kwamba hana shughuli duniani. Shughuli ipo, ila inafanywa na bakteria.

Wafugaji wanajua linalotokea ng'ombe akivunja ghala na kula mahindi mengi. Wanga huchachuka kwa kasi, asidi huongezeka tumboni, bakteria wema hufa, na mnyama huugua au kufa. Tunda tamu lililoiva lingemfanyia mbega vivyo hivyo. Kwa hiyo yeye hupendelea majani machanga, yenye protini nyingi na nyuzi chache, na huongeza mbegu, maua na matunda mabichi ambayo sukari yake haijakomaa. Magego yake yana ncha kali zilizoinuka, zinazokata jani kama mkasi. Kidole gumba hana, au amebaki na kinundu tu, na jina Colobus limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukatwa. Huruka kutoka mti hadi mti kwa mikono iliyofanana na kulabu.

Majani yana hatari nyingine. Mti hauwezi kukimbia, na hivyo hujikinga kwa kemikali kama tanini na fenoli. Bakteria wa tumboni huzipunguza makali baadhi ya sumu hizo, lakini si zote. Hapa naomba msomaji tuvuke bahari kidogo hadi Unguja, kwa binamu wa mbega aitwaye kima punju, mwenye tumbo la aina hiyohiyo. Karibu na msitu wa Jozani, kima punju wameonekana wakichukua makaa kwenye matanuru na visiki vilivyoungua na kuyatafuna. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba makaa hayo yanaweza kunasa fenoli, ambazo zimo kwa wingi katika majani ya miembe na mikungu wanayokula katika bustani za watu. Mwalimu wa kemia anayewafundisha wanafunzi jinsi makaa yanavyosafisha maji yenye rangi ana mfano mzuri hapo, tena wa nyumbani.

Kima na vifuko vyake

Kima wa Uluguru huishi katika miti ileile ya mbega, na mara nyingine makundi yao hukaa mti mmoja bila ugomvi. Dume hufikia kilo 8 hivi, na jike ni kama nusu ya hapo au zaidi kidogo. Tumbo lake ni la chumba kimoja, kama letu, na uchachushaji wa majani si kazi yake kubwa. Chakula chake ni matunda yaliyoiva, hasa ya mikuyu, pamoja na wadudu, maua, na majani machanga pale matunda yanapoadimika. Magego yake yana vinundu vifupi vya kupondea. Mashavuni ana vifuko viwili, ambavyo kwa pamoja huweza kubeba chakula karibu sawa na tumbo lake zima. Hufika kwenye mkuyu uliozaa, hujaza vifuko upesi kabla dume mkubwa hajamfukuza, kisha hujitenga kwenye tawi lenye kivuli na kutafuna kwa utulivu. Mbegu huzitema hapo, au hutoka katika kinyesi mbali na mti mama, na baadhi yake huota.

Wote wawili, mbega na kima, wana meno 32 kama sisi, katika mpangilio uleule: meno 2 ya mbele, chonge 1, magego madogo 2 na magego makubwa 3 kwa kila nusu ya taya. Komba ana 36, kwa sababu bado ana gego dogo la tatu ambalo sisi tulilipoteza zamani. Shule yenye fuvu moja kuukuu kabatini inaweza kulithibitisha hilo kwa dakika tano.

Tofauti hii ya matumbo ina matokeo mazito mashambani. Katika miteremko ya Uluguru mashamba ya mahindi na ndizi hugusana na msitu. Kima huingia; nyani huingia kwa makundi na kufanya uharibifu mkubwa zaidi; tumbili hawako nyuma. Mhindi mchanga na ndizi iliyoiva ni vyakula vinavyolifaa tumbo la chumba kimoja. Nisingependa mtu wa chuo awahubirie wakulima juu ya jambo hili, maana familia inayopoteza mahindi yake usiku wa kuamkia mavuno haiwezi kulishwa kwa mapenzi ya wanyama, na watoto wanaokaa shambani kuwinga nyani ni watoto ambao hawako darasani. Lakini mbega, ambaye mara chache mno hugusa mazao hayo, hupigwa pamoja na wengine kwa sababu tu ameonekana kwenye mti ulio kando ya shamba. Analipa deni la kima. Zaidi ya hayo ngozi yake imetafutwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya mapambo.

Wenye zamu ya usiku

Jua likizama, mbega na kima hulala, na msitu hubadili wapangaji. Komba wana macho makubwa, na nyuma ya retina ya jicho lao kuna tabaka linalorudisha mwanga uliokwisha kupita, ili upite mara ya pili. Kwa hiyo tochi huyafanya macho yao yang'ae kama makaa ya moto. Mifupa ya nyayo zao imerefuka na kuwa kama wenzo wa kurukia. Meno yao ya mbele ya chini yamelala pamoja kama kitana, nao huyatumia kuchania manyoya na kukwangulia utomvu wa miti. Watu wa Pwani wanamfahamu komba mkubwa kwa tabia yake ya kuiba tembo katika vibuyu vya wagema.

Komba nao wamegawana chakula kwa kadiri ya miili yao. Katika misitu ya Pwani ya Kenya, uchunguzi wa miaka ya 1980 ulilinganisha komba mkubwa, mwenye uzito wa robo tatu ya kilo hivi, na komba mdogo waishio pamoja. Chakula cha yule mkubwa kilikuwa nusu matunda na nusu wadudu; cha mdogo kilikuwa wadudu kwa asilimia 70. Sheria ya mchemraba haikosei.

Komba mdogo kuliko wote hapa kwetu ana historia inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1926 Arthur Loveridge, aliyekuwa akiikusanyia wanyama Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, alipanda Milima ya Uluguru na kupiga kambi mahali kadhaa, pamoja na Bagilo. Miongoni mwa ngozi alizopeleka Marekani zilikuwamo za komba mdogo wa rangi ya kahawia. Miaka kumi baadaye, mwaka 1936, Barbara Lawrence na Sherwood Washburn walizitazama na kumpa komba huyo jina la orinus, yaani wa milimani. Lakini hawakumhesabu kuwa spishi ya peke yake. Walimweka kama tawi la komba wa Demidoff, anayeishi katika misitu ya Kongo na Afrika Magharibi. Kwa zaidi ya miaka hamsini alikaa katika vitabu kama mtoto wa ukoo mwingine.

Aliyemtoa huko hakuwa mpima mafuvu, bali sauti. Wanyama wa usiku hawawezi kutegemea rangi kuwatambua wenzao. Hutegemea mlio na harufu. Komba wawili wanaofanana ngozi wanaweza kuwa na miito tofauti kabisa, na jike huitikia mwito wa aina yake tu. Katika miaka ya 1990 wataalamu walianza kuzunguka misitu ya Tanzania wakiwa na vinasa sauti, na orodha ya komba ikaanza kurefuka. Vitabu vya miaka ya 1970 vilitaja spishi zipatazo 6 za komba katika Afrika nzima. Leo zinatambuliwa zaidi ya 15. Komba wa Bagilo sasa ni spishi kamili, Paragalago orinus, ambaye makao yake ni misitu ya milimani ya Tao la Mashariki. Mimi mwenyewe nilikwenda ng'ambo kusomea wanyama, na ni huko, katika maktaba yenye baridi, nilikosoma kwa mara ya kwanza kwamba kuna mnyama aliyepewa jina lake la kitaalamu kutokana na ngozi zilizotoka Uluguru. Sikufurahi kulijua jambo hilo nikiwa mbali kiasi kile.

Ngazi iliyokatwa

Ili kuona Uluguru ina upungufu gani, linganisha na Milima ya Udzungwa, iliyo kusini-magharibi ng'ambo ya tambarare za Mikumi, na ambayo sehemu yake imo katika mkoa huuhuu wa Morogoro. Katika msitu wa Mwanihana, juu ya kijiji cha Sanje, miti haikukatika: huanzia karibu mita 300 na kupanda bila pengo hadi zaidi ya mita 2,000. Humo wamo mbega mweusi, kima, komba, pamoja na mbega mwekundu ambaye hapatikani kokote duniani nje ya Udzungwa na ujirani wake. Humo pia mwaka 1979 Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia mlio ambao Homewood aliutambua, kwa kuwa alikuwa amewachunguza wanyama wenye mlio kama huo kando ya mto Tana nchini Kenya. Hakuna aliyetazamia kuusikia Udzungwa. Wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani, ng'olaga. Wanasayansi walimpa jina la Cercocebus sanjei mwaka 1986. Mnyama huyu ameshika nafasi ambayo wengine wameiacha: hutumia sehemu kubwa ya siku ardhini, akichakura majani makavu na kutafuta mbegu ngumu kama za mbula, ambazo huzivunja kwa magego yenye enameli nene. Mwaka 2003 jambo kama hilo lilijirudia katika Mlima Rungwe, ambako wakazi walikuwa wakimtaja mnyama aitwaye kipunji. Wageni walidhani ni hadithi mpaka walipomwona. Mwaka uliofuata alionekana Udzungwa pia, na mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu.

Sasa turudi Uluguru. Msitu wa asili hapo awali ulishuka kutoka vileleni hadi tambarare, ukipita kanda nne: ya chini yenye mivule na mikangazi, ya kati yenye mvua na joto la wastani, ya juu yenye mikulo, na ya juu kabisa yenye miti mifupi iliyovikwa kuvumwani na ukungu. Mwaka 1955 msitu wa asili wa milima hii ulikuwa kilometa za mraba 300 hivi. Mwanzoni mwa karne hii zilikuwa zimebaki kama 230. Upungufu huo haukuenea sawasawa. Vilele vilikuwa hifadhi, na baridi na mwinuko vilivilinda. Kilichofyekwa zaidi ni kanda ya kati na ya chini, ambako ardhi ina rutuba na watu ni wengi. Kipande cha msitu wa chini kama Kimboza, upande wa mashariki, kimebaki kama kisiwa, nao msitu wa juu umebaki kama kofia.

Mwenye tumbo la mbega hupata shida mbili kutokana na hali hiyo. Majani machanga hayatoki wakati mmoja katika kanda zote, na mnyama aliyeweza kufuata machipukizi kwenda juu na chini sasa amefungiwa kwenye ghorofa moja. Pili, yeye husafiri kwa kuruka kati ya miti. Shamba lenye upana wa nusu kilometa kwake ni kama bahari. Kima hushuka na kulikatiza shamba hilo, akala humo, akapigwa humo. Komba wa Bagilo hana lolote kati ya hayo mawili. Hakai shambani, na wadudu wake ni wa msitu wenye unyevu. Pengo la Bunduki, linalotenganisha msitu wa kaskazini na wa kusini, kwake si upana mdogo. Mwaka 2008 misitu ya pande zote mbili iliwekwa chini ya Hifadhi moja ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na hilo lilikuwa jambo jema katika karatasi. Juu ya ardhi, miti ya kuziunganisha hukua kwa mwendo wake yenyewe. Mito inayomiminika kutoka misitu hiyo huingia mto Ruvu, unaolipatia jiji la Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake, na hivyo miti hiyo inasubiriwa na wengi zaidi ya komba.

Kazi ya darasa

Walimu wa Morogoro mara nyingi huniuliza wanafunzi wafanye nini, maana vifaa hakuna. Kazi ifuatayo haihitaji maabara. Mchana, chini ya mkuyu wowote wenye matunda, tandika gunia au turubai kuukuu na ukusanye kinachoanguka kwa saa mbili. Tunda lililong'atwa na kutupwa, mbegu iliyotemwa ikiwa safi, na jani lililobaki kikonyo tu ni alama za walaji tofauti, na kwa kupima na kuhesabu wanafunzi wataweza kukisia nani alikuwa juu kabla hata hawajainua macho. Usiku, nenda na kundi dogo kando ya miti, si ndani ya Hifadhi, kwa kuwa huko kibali kinatakiwa. Shikilia tochi karibu na macho yako, si kiunoni. Jicho la komba hurudisha mwanga kule ulikotoka, na mwenye tochi kiunoni hataona kitu. Funika kioo kwa karatasi nyekundu inayopitisha mwanga ili usimtie mnyama kiwi. Andika saa, urefu wa tawi kwa kukadiria, na mnyama alikuwa akifanya nini.

Kisha zima tochi na unyamaze kwa robo saa. Andika kila mlio kama ulivyousikia, kwa herufi zetu za Kiswahili, ambazo kwa kazi hii ni bora kuliko za lugha nyingi, kwa kuwa kila irabu ina sauti moja tu. Simu ya mkononi yenye kinasa sauti itafaa zaidi ikiwapo. Usiku wa kwanza darasa husikia kelele tu. Kufikia usiku wa nne au wa tano, mwanafunzi mmoja huanza kusema kwamba sauti ya upande wa bondeni si ile ya upande wa mlimani.